Jinsi ya kumshukuru nesi anayewalea wenzake (kabla hajastaafu jamani)

Nianze na aibu yetu wenyewe. Miaka kadhaa nyuma, hospitali moja ambayo sitaitaja, tuliamua kumpongeza sista wetu mmoja wa wodini, yule ambaye kila intern (wale wa mafunzo ya vitendo) aliyepita pale atakuambia "mi nimefundishwa na sista". Tukachanga, tukanunua keki, tukanunua na saa ya ukutani ile ya kung'aa pembeni, sherehe tukaipanga saa nne asubuhi ili wakubwa wa ofisini wawepo. Kasoro moja tu, siku hiyo sista alikuwa anatoka zamu ya usiku na hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia rosta. Mama wa watu katoka wodini saa mbili, hajalala, kakaa kwenye kiti cha plastiki anamsubiri mgeni rasmi ambaye kafika saa tano na nusu, kasomewa risala ya kurasa mbili ya mchapakazi, mcheshi, mnyenyekevu, mwenye ushirikiano, kalishwa keki, kapigwa picha na kila mtu, halafu kaondoka na saa yake kwapani macho mekundu. Na usiku uleule alikuwa kwenye rosta tena.

Ile risala ninayo mpaka leo kwenye simu. Ukibadilisha jina tu unaweza kumsomea dereva wa ambulensi au fundi bomba na hakuna atakayeshtuka. Hakuna sehemu hata moja iliyosema huyu mama alifanya nini.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kukera kwenye hizi mambo za kupongezana kazini, kila wakianza kuchangisha nauliza "tunamshukuru kwa lipi hasa?" na watu wanakunja sura. Lakini ndo swali la kuanzia. Kwahiyo hapa naandika ninavyofanya siku hizi, kwa wale mlio kazini na pia kwa nyie mliouguza mkaondoka na deni moyoni.

Kwanza kumbuka tukio, sifa baadaye

Chukua karatasi au notsi za simu. Andika siku moja uliyomwona akifanya kitu ambacho mwingine asingefanya, au angekifanya vingine. Siku moja tu. Nani alikuwepo, ilikuwa saa ngapi, alisema nini, mikono yake ilikuwa wapi.

Nikupe ya kwangu. Nipo intern, wodi ya watoto, saa tisa usiku. Mtoto wa kama mwaka mmoja na nusu kaharisha kakauka, machozi hana, dripu inatakiwa iingie. Nimechoma mara ya kwanza nimekosa, mara ya pili nimekosa, mama mtoto ananitazama kwa yale macho ambayo hata matusi yangekuwa afadhali. Mikono inatetemeka. Sista akaja. Sasa mimi nilijua atanisogeza pembeni achukue kanula (kile kimrija cha dripu) aweke, amalize, kesho nichekwe. Hakuchukua. Alimgeukia mama kwanza, "mama fulani, pole, najua inauma kumwona hivi, tumpe huyu dada dakika tano, mimi nipo hapahapa". Akaloweka kitambaa maji ya vuguvugu, akajipima kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akauzungushia mkono wa mtoto, akakaa. Yaani akakaa kitini kama mtu mwenye muda, na wodi nzima ilikuwa yake. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini "funga glovu yako hapo juu ya mkono wake kama kamba, halafu usitafute kwa macho, mshipa wa mtoto unatafutwa kwa kidole, papasa". Nikapapasa. Ukaja kama uzi laini chini ya ngozi. Damu ilivyorudi kwenye kanula mimi ndo nilikaribia kulia, sio mtoto.

Mbele ya mama hakusema neno lolote juu ya makosa yangu. Baadaye kwenye chumba cha dawa, mlango umefungwa, ndo akaniambia "siku nyingine ukikosa mara mbili usichome ya tatu, niite, sio aibu, ya tatu unachoma hasira zako". Hilo nalitembea nalo mpaka leo.

Sasa linganisha hiyo na "mcheshi na mwenye ushirikiano". Unaona tofauti? Kwenye hiyo hadithi kuna huruma kwa mgonjwa, kuna mama katulizwa, kuna intern kalindwa heshima yake, kuna ujuzi umehama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, na sijatumia sifa hata moja.

Mwambie yeye, uso kwa uso, na mapema

Watu wengi wanaruka hii hatua wanakimbilia grupu la WhatsApp. Mtumie posti mia za maua na "hongera sana sista wetu Mungu akubariki", sawa hazina ubaya, lakini asilimia kubwa atazipita tu akijibu amina amina amina. Mfuate. Sio kwenye makabidhiano ya zamu asubuhi watu wote wanataka kwenda nyumbani, sio akiwa na dawa mkononi anahesabu. Mshike mnapobadilisha nguo au mkinywa chai. "Sista, shikamoo. Unakumbuka yule mtoto wa dripu? Mimi tangu siku ile natafuta mshipa kwa kidole." Basi. Mara nyingi hatakumbuka hata tukio, kwake ilikuwa Jumanne ya kawaida, na hapo ndo utaona uso wake unavyobadilika.

Kama wewe ndo bosi wake ni vizuri zaidi useme mbele ya vijana anaowafundisha, ila sema fupi, wengine wakisifiwa hadharani wanatamani ardhi ipasuke. Unamjua mtu wako.

Na usimsifie kwa kuwakandia wenzie. Hii naiona sana hasa kwa ndugu wa wagonjwa, "we sista sio kama hawa manesi wengine, hawa wana roho mbaya". Nia njema, lakini umemwachia vita. Wewe utaruhusiwa kesho unaenda kwenu, yeye anabaki na haohao wengine zamu ya jioni. Kama una malalamiko juu ya nesi mwingine yapeleke kivyake, kwa njia yake, usiyafunge kwenye kifurushi kimoja na shukrani.

Sasa karatasi

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo maana ndo sehemu tunayoipuuza kuliko zote.

Nesi anayefundisha wenzake anafanya kazi ambayo haionekani kwenye makaratasi. Chati zinaonyesha dawa zimetolewa, BP zimepimwa. Hakuna chati inayoonyesha kwamba usiku fulani alimzuia kijana asikate tamaa na kazi. Ikija habari ya kupanda cheo, kupelekwa kozi, kuchaguliwa, anaonekana sawa na mtu anayekuja kusaini na kuondoka. Kwahiyo shukrani ya maana ni ile inayoingia kwenye jalada lake.

Na haihitaji Kiswahili cha bungeni. Unaandika barua kwa Mganga Mfawidhi (mkuu wa hospitali), K.K. (kupitia kwa) Muuguzi Mfawidhi, na katikati kitu kama hiki:

"YAH: PONGEZI KWA MUUGUZI (jina lake kamili), WODI YA WATOTO

Mimi ni muuguzi niliyefanya mafunzo ya vitendo wodi hiyo mwaka fulani. Usiku wa tarehe fulani nilishindwa mara mbili kuweka kanula kwa mtoto aliyekuwa amepungukiwa maji. Muuguzi tajwa alimtuliza mama, akanielekeza hatua kwa hatua nikafanikiwa, kisha akanirekebisha faragha bila kunidhalilisha. Njia aliyonifundisha nimeshawafundisha wenzangu watatu. Naomba barua hii ihifadhiwe kwenye jalada lake."

Saini, tarehe, umemaliza. Jina la mgonjwa usiandike, hata kama ni zuri kwa hadithi. Toa nakala moja umpe yeye mwenyewe mkononi. Sista wetu yule siku nilipompa alisoma akiwa amesimama, akakunja mara nne, akaweka ndani ya kava la simu. Saa ya ukutani sijawahi kusikia habari zake.

Ndugu wa mgonjwa nanyi mnaweza. Hospitali nyingi zina sanduku la maoni pale mapokezi au karibu na wodi, na watu wanadhani ni la malalamiko tu, kumbe ukiweka shukrani nayo inasomwa. Ila tafadhali andika jina. Angalia beji kifuani, au muulize mwenyewe "samahani sista nakuitaje". Usiandike "yule nesi mweupe mrefu mwenye mwanya". Nimeshakaa kwenye kikao watu wazima sita tunajadili mwanya ni wa nani. Andika wodi, tarehe, zamu ya asubuhi au usiku, na alichofanya. Mistari mitano inatosha.

Kwa hapa kwetu Tanzania kuna na Mei Mosi. Taasisi zinachagua mfanyakazi hodari, kuna cheti na mara nyingi na bahasha, na tuseme ukweli sehemu nyingine inachaguliwa kwa zamu, mwaka huu maabara mwaka kesho famasi, au anachaguliwa anayechekesha watu. Ukitaka wako asikike usisubiri mwezi wa nne mwishoni, kuanzia mwezi wa pili anza kukusanya, waombe maintern wawili watatu waliohama wakuandikie kila mmoja tukio lake moja. Ukiingia kwenye kikao na karatasi nne zenye tarehe na wenzako wameingia na "jamani yule naye anajituma", kazi imekwisha.

Wiki moja na ushee baadaye kuna 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, na wakunga nao wanayo ya kwao tarehe 5 ya mwezi huohuo. Tunajua inavyokuwa, maandamano, mishumaa, kiapo, tisheti, hotuba ndefu juani. Mi ushauri wangu muombeni MC dakika tatu tu, mtu mmoja asimame asome tukio moja la nesi mmoja. Tatu tu. Mtashangaa uwanja unavyonyamaza.

Kuna ndugu zetu wengi huko Marekani, Wakongo, Wakenya, Wabongo, wengi wenu mpo kwenye hizihizi kazi za hospitali na nyumba za wazee. Huko kuna tuzo ya manesi inaitwa DAISY, ipo kwenye hospitali nyingi sana, ilianzishwa na familia ya kijana Patrick Barnes aliyefariki mwaka 1999 ana miaka 33. Familia yake kilichowabaki kichwani ni jinsi manesi walivyomhudumia yeye na wao wakati anaondoka. Utaratibu wake ndo huuhuu ninaoupigia kelele, mgonjwa au ndugu au mfanyakazi mwenzio anaandika hadithi ya alichofanyiwa, basi. Anayeshinda anapewa kisanamu cha jiwe kilichochongwa kwa mkono na wachongaji wa Kishona kule Zimbabwe, yaani jiwe limetoka Afrika linaenda kumshukuru nesi Ohio. Kama upo huko na kuna mtu anastahili uliza fomu hapo wodini. Na kwa wanaosema tuzo za nje sio za kina sisi, mwaka 2022 Anna Qabale Duba, nesi wa Marsabit Kenya, alienda Dubai akachukua tuzo ya manesi ya Aster Guardians, dola 250,000. Alikuwa amejenga shule kijijini kwao na anapigania wasichana wasikeketwe. Sasa nesi wa namna hiyo kama hakuna aliyeandika habari zake popote, majaji wa Dubai watamjulia wapi?

Zawadi

Ndugu wa mgonjwa, usimtumbukizie hela mfukoni. Najua unaona ni upendo, lakini kuna mtu anaangalia, na kesho ni rushwa na yeye ndo anayeitwa kujieleza. Kama roho inakusukuma, subiri mgonjwa aruhusiwe, leta kitu cha zamu nzima, katoni ya maji, maandazi na chai, mchana kweupe, mbele ya mfawidhi.

Wafanyakazi wenzake mna uhuru zaidi. Viatu vizuri vya kusimamia ndo zawadi namba moja kwangu, miguu ya nesi baada ya masaa kumi na mbili siitaki kuielezea, ila ulizeni saizi kwa ujanja. Khanga nayo safi, lakini SOMENI JINA LAKE kabla ya kulipia. Kuna wodi ilimpa mama wa watu khanga nzuri rangi zote, kafika nyumbani kaifungua inamsema jirani mmbea. Ikisema "Wema hauozi" chukua bila kufikiri.

Na michango isiwe ya lazima. Intern ambaye posho yake haijaingia usimwandike kwenye listi ya elfu kumi kumi halafu jina lake linabaki na alama nyekundu kwenye grupu wiki mbili. Sista mwenyewe akijua hatafurahi, wengine wao ndo waliokuwa wanamlipia nauli huyohuyo kijana.

Mpunguzie mzigo

Hapa ndo tunapokosea tukijiona tumepatia. Nesi akiwa mzuri zawadi yake ni kazi zaidi. Wanafunzi wa chuo kumi na wawili wamekuja, wapeleke kwa sista. Mgonjwa mkali anayetukana, muite sista. Ndugu wamefiwa wanapiga kelele koridoni, sista yupo wapi. Kila mtu anampenda na kila mtu anamrushia. Halafu siku anajibu kwa ukali kidogo tunashangaa, "siku hizi sista kabadilika".

Kwahiyo kama unamthamini kweli: mjazie chati zake siku amekaa na mwanafunzi saa nzima. Badilishana naye zamu apate sikukuu yake nyumbani, kama ni Idd mpe Idd, kama ni Krismasi mpe Krismasi, na usimkumbushe kila wiki kwamba ulimpa. Kama wewe ndo unayepanga rosta, usimpange na wageni watupu kila usiku, mpe hata mzoefu mmoja naye apumue. Wewe ndo fundisha hao wapya wawili.

Akifiwa na mgonjwa, hasa mtoto, muulize na yeye anaendeleaje. Huwa tunamtazama yeye ndo anatushika bega sisi. Mpelekee chai ukae, sio lazima uongee.

Picha

Ukitaka kumweka stetasi au Insta muombe kwanza, na hakikisha nyuma hakuna mgonjwa, hakuna faili limefunguka, hakuna ubao wenye majina. Hilo halina mjadala.

Na hii ya mwisho haina gharama

Sista alikuwa na tabia moja, nilikutana nayo tulipopangwa tena pamoja, wodi ya wanaume safari hii. Mgonjwa hana fahamu, kiharusi, siku ya nne hajafungua macho. Sista kabla hajamgusa anainama sikioni, "Mzee shikamoo. Ni mimi sista, saa nane sasa, tunakugeuza upande wa dirisha." Ananyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri marahaba. Ndo anamgeuza. Kila baada ya masaa mawili hivyohivyo, shikamoo, saa, upande. Mwanzoni tulicheka kimyakimya, nakiri. Hakutuambia tufanye, hakutoa somo. Baada ya kama miezi mitatu nikagundua wodi nzima tunafanya, mpaka kaka wa usafi anayesukuma mopu anapita "wazee shikamooni". Na ndugu wa wagonjwa walivyosikia wakaanza na wao kuongea na watu wao badala ya kukaa wanalia pembeni.

Mimi nimeshahama kituo. Mwezi uliopita nipo kwenye dawati naandika ripoti, nikamsikia mwanafunzi wa mwaka wa pili, hajawahi kumwona sista hata kwa picha, nyuma ya pazia anamwambia bibi mmoja asiye na fahamu, "Bibi shikamoo, ni mimi tena, nakugeuza". Nilimfundisha mimi, nilishasahau kama nilimfundisha. Nikatoka nje nikamtumia sista voisi, sauti inanikwama, nikamweleza yote, kwamba sista shikamoo zako zimefika huku, mkoa mwingine kabisa, zinatembea zenyewe.

Alisikiliza, tiki zikawa za bluu. Kimya dakika kumi. Nikajua analia na yeye.

Akajibu: "Marahaba mwanangu. Chati ya kumgeuza mmejaza?"

Ilikuwa haijajazwa. Nikarudi ndani kujaza.